Mbwa Mmoja au Wawili? Maneno juu ya mbwa wa kuwinda katika nyumba za Wamaza

Wenzetu wanaoandika katika vitabu vya namna hii huchagua mambo makubwa: ndoa, mirathi, kutawazwa kwa machifu. Sisi tumechagua mbwa. Tena hatukuchagua mbwa mzima, tumechagua swali dogo ambalo nyumba za wawindaji huku kwetu, Kasongo na Kabambare, zimejiuliza mara nyingi: mbwa akifiwa na mwenzake, aletewe mwingine, au aachwe peke yake mpaka mwisho wake? Mwenye kucheka acheke kwanza. Akimaliza asome, kwani ndani ya swali hilo kuna habari ya msitu, ya dini, ya Waungwana, ya vita, na hata ya Wazungu waliochukua mbwa wa nchi yetu wakavuka nao bahari.

Swali lilitufikia kwa mjomba wetu, mwindaji wa siku nyingi, nyumba yake ikiwa pembeni ya mashamba ya mpunga. Mjomba alikuwa na mbwa wawili. Jike aliitwa Tutaona, mwekundu, kifua cheupe, masikio yamesimama na mkia umejikunja mgongoni kama pete. Dume aliitwa Wacha Waseme. Msomaji wa mjini asishangae majina haya. Kwetu jina la mbwa ni barua kwa jirani. Mtu akiwa na neno moyoni na hapendi ugomvi, humpa mbwa wake jina, kisha jioni, watu wote wakiwa nje, humwita kwa sauti kubwa aje kula. Mwenye kuhusika husikia, na hana njia ya kushitaki.

Wacha Waseme aliumwa na nyoka siku moja ya kuvuna mpunga, akafa kabla ya jua kuzama. Mjomba alimzika nyuma ya nyumba, akatundika ukutani kengele yake ya mti. Kuanzia siku ile Tutaona alihama mahali pake pa kulala, akawa analala chini ya ile kengele. Ukoko wa wali aliupenda kuliko nyama, sasa akawaachia kuku. Mjomba alimpeleka porini mara mbili. Mara zote mbili mbwa alirudi nyumbani mbele ya mwindaji, jambo ambalo kwa mwindaji ni aibu.

Basi watu wakakaa barazani. Watoto walitaka mbwa wa pili palepale, kesho yake kama inawezekana. Mama mkubwa, mke wa mjomba, alikataa. Kwanza chakula: sombe na ugali havitoshi watu, vitatosha mbwa wawili? Kisha akasema neno lililowanyamazisha wote. Alikumbusha mtoto wa nyumba ya jirani aliyeumwa na mbwa miaka ile ya nyuma. Kidonda kilipona, watu wakasahau, na baada ya majuma kadhaa mtoto akaanza kuogopa maji. Hatutaeleza mengine. Waliomwona hawajasahau.

Wa tatu kusema alikuwa mtoto mkubwa wa mjomba, mwalimu wa madrasa. Yeye hakuwa na kelele. Alisema: “Baba, mbwa wa kuwinda dini imemruhusu, hapo sina neno. Lakini huyu munataka kumuleta ju ya kumuliwaza mbwa mwenzake. Mbwa wa kuliwaza mbwa, hiyo sikuisoma popote.”

Mjomba alivuta pumzi, akasema tutaongea kesho. Kesho hiyo ilichukua majuma mawili. Tuwaache hapo barazani kidogo, turudi nyuma, maana hoja zao zote zilikuwa na mizizi mirefu kuliko walivyodhani.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tunasema mbwa. Walingala wanasema mbwa, Waluba wanasema mbwa, Wanyarwanda wanasema imbwa, na ukienda pande nyingi za nchi za Wabantu utalikuta neno hilohilo, limebadilika sauti kidogo tu. Wataalamu wa lugha wanasema hilo ni neno la zamani sana, lililokuwa katika kinywa cha wahenga wa Wabantu wote kabla hawajatawanyika kutoka pande za mpaka wa Nijeria na Kameruni, miaka elfu nne au tano iliyopita. Majina ya vitu vilivyokuja baadaye, kama muhogo na mahindi kutoka Marekani, hayafanani hivyo toka lugha hata lugha. Mbwa hakuletwa kwetu na Mwarabu wala Mzungu. Tulitembea naye.

Asili yake ya mbali zaidi si Afrika, maana mbwa wote wa dunia ni uzao wa mbwa mwitu wa nchi za kaskazini, si wa bweha wetu. Aliingia Afrika kupitia Misri, ambako mifupa yake ya zaidi ya miaka elfu sita imepatikana. Katika picha za makaburi ya Misri ya kale wako mbwa wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, wamelala chini ya viti vya mabwana wao. Tulipoona picha hizo katika kitabu, mmoja wetu alisema, “Tazama, Tutaona!” na kwa kweli ungedhani ni yeye.

Mbwa wa misitu yetu ana tabia moja ambayo wageni wote huiandika: habweki kama mbwa wa Ulaya. Hunguruma, hulia, hutoa sauti kama ya mtu anayeimba vibaya, lakini kubweka hovyo hapana, na akifuata mnyama hunyamaza kabisa. Ndiyo maana ya ile kengele ya mti. Mbwa akiingia kichakani kimya, mwindaji atajuaje yuko wapi? Anachonga kipande cha mti, anakitoboa ndani, anatia vipande vidogo vya mti vya kugonga, anamfunga mbwa shingoni. Wakiwa njiani anaziba kengele kwa majani isilie. Wakifika mahali pa kazi anatoa majani, anamwachia mbwa, na kuanzia hapo mwindaji anawinda kwa masikio. Kengele za namna hii ziko leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, kama lile la Tervuren huko Ubelgiji, zimewekwa nyuma ya kioo pamoja na sanamu na viti vya machifu. Ni vizuri zimehifadhiwa. Ila kengele nyuma ya kioo haina sauti, na sauti ndiyo ilikuwa kazi yake.

Hapo ndipo swali la mmoja au wawili lilipokuwa na maana kwa wazee. Mjomba alitueleza hivi, nasi tunaandika kama tulivyosikia. Mbwa mmoja hufukuza mnyama. Mboloko au ndezi (wengine huku humwita simbiliki) hukimbia mbele yake, huzunguka, humpoteza kwenye maji. Mbwa wawili wanaojuana hufanya kazi nyingine. Mmoja hufuata harufu, wa pili hukata njia. Mwindaji huchonga kengele mbili zisizofanana sauti, moja nzito na moja nyembamba, na kwa kusikia tu anajua nani yuko mbele, nani amezunguka, na wavu utegwe wapi.

Kisha kuna mafundisho. Nani alimfundisha mtoto wa mbwa kuwinda? Tulidhani ni mjomba. Akacheka. “Mimi niliwapeleka tu. Ule wa zamani ndiye mwalimu.” Mtoto wa mbwa akiwa na miezi sita au saba huanza kutembea nyuma ya mkubwa, anaona anavyonusa, anavyosubiri, anavyorudi akiitwa. Mbwa mzee akifa kabla ya kumfundisha mwingine, mwindaji anaanza kila kitu upya, na misimu miwili inapotea. Kwa hiyo katika nyumba ya mjomba mbwa wa pili hakuwa mapambo. Alikuwa mwanafunzi, na siku moja mrithi.

Lakini wazee walijua na ubaya wake. Mbwa mmoja hukaa nyumbani na watu. Wakiwa wawili hupeana moyo, huanza kutembea usiku, na asubuhi jirani anakuja na mbuzi aliyeng'atwa. Dume wawili hugombana. Jike wawili wakigombana ni vibaya zaidi, kwani hawasahau. Na ukichukua ndugu wawili wa tumbo moja, wadogo wote, hawamsikilizi mtu, wanasikilizana wao kwa wao. Tuliyasikia haya kwa mjomba asiyejua kusoma, kisha tukayakuta yameandikwa na wafugaji wa Ulaya kwa maneno marefu zaidi.

Tuje sasa kwa neno la mwalimu wa madrasa, ambalo halielezeki bila habari ya Kasongo.

Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869, yeye akiandika Bambarre, na akakaa hapo miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu, kabla ya kufika Nyangwe mwaka 1871 na kuyaona mauaji ya sokoni tarehe 15 Julai. Alianza safari yake na mbwa mmoja mdogo mwenye manyoya, jina lake Chitane, lakini mbwa huyo alikufa maji Januari 1867, mbali sana na kwetu. Stanley naye aliondoka Uingereza mwaka 1874 na mbwa watano. Alipofika Nyangwe na kukutana na Tippu Tip mwaka 1876 hakuwa na hata mmoja. Tunayataja haya si kwa kuwasimanga. Mbwa wa kigeni walikufa njiani kwa maji, joto na magonjwa, na wakati huohuo mbwa wadogo wekundu wa mababu zetu walikuwa wakipita katika vichaka vilevile na kengele zao shingoni.

Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliifanya Kasongo kuwa makao yake, na baadaye mwanawe Sefu alikaa hapo mpaka askari wa Dhanis walipouteka mji mwezi wa Aprili 1893. Makao hayo ya zamani leo tunayaita Tongoni. Watu wa pwani waliacha kwetu mengi: mpunga, miembe, kanzu, lugha hii tunayoandika, na dini ya Kiislamu. Waliacha pia mauti na minyororo, na mzee wa huku akitaja Watambatamba hapandishi sauti, huishusha. Na waliacha mgawanyo wa watu. Aliyevaa kanzu, aliyesali, aliyesema lugha ya pwani alikuwa mwungwana. Ndiyo maana lugha yetu iliitwa Kingwana. Aliyebaki msituni na mishale yake na mbwa wake aliitwa mshenzi.

Angalia mbwa amekaa upande gani. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyokuja kutoka Unguja, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mwungwana mpya, aliyetaka kuonekana mwungwana, alianza kwa kumfukuza mbwa barazani. Methali ya pwani nayo ilifika: ukimzoea mbwa atakufuata msikitini. Hivyo mbwa akawa alama. Nyumba yenye kengele ya mti ukutani ilijulikana ni ya watu gani, na mtu wa ukoo wetu aliyesilimu aliificha kengele darini.

Ila dini haikusema hivyo peke yake, na hapa watu wa haraka walikosea. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, imehalalisha mnyama aliyekamatwa na wawindaji waliofundishwa, kwa sharti kwamba mbwa amemkamatia bwana wake na jina la Mungu limetajwa. Hadithi inayosema thawabu za mwenye kufuga mbwa hupungua kila siku imewatoa mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa shamba. Wamaliki wanasema mbwa mwenyewe ni safi. Na katika Sura ya Al-Kahf vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao mlangoni. Mwalimu wetu aliyajua haya yote vizuri kuliko sisi. Swali lake lilikuwa jembamba: je, upweke wa mbwa ni kazi?

Barazani alipoitaja habari ya pango, mjomba alimuuliza, “Pale pangoni mbwa walikuwa wangapi?”

“Mumoja.”

“Na watu?”

“Wengi.”

“Basi hakukuwa peke yake.” Kisha akaongeza, “Tena alikuwa amelala.”

Neno lile la mshenzi halikuishia Kasongo. Katika midomo ya watu wa msituni na wa mtoni likawa basenji. Wazungu walipouliza mbwa hawa ni wa nani, waliambiwa ni mbwa wa basenji, yaani wa watu wa porini. Wakaandika. Leo ukifungua kitabu chochote cha mbwa huko London au New York utakuta Basenji, mbwa wa Kongo, mwenye thamani, mwenye karatasi za ukoo wake. Anayemlipia pesa nyingi hajui kwamba anatamka tusi ambalo watu wa pwani waliwatukana babu zetu. Hatusemi mbwa wao walitoka hapa Kasongo. Wengi walichukuliwa kaskazini, pande za Uele na kusini ya Sudani. Lakini jina ni la njia zetu, na mbwa ni ndugu.

Na habari ya kuwapeleka ng'ambo ni habari ya idadi, kama swali letu. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts, London; wakafa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa ambao miili yao haikuujua. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alichukua sita kutoka kusini ya Sudani. Wakachomwa sindano ya kuwakinga na ugonjwa huohuo, wakafa wote. Miaka ya 1930 Olivia Burn alifaulu na wachache kutoka Kongo, na mwaka 1937 watu wakajazana Crufts kuwatazama. Mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams alileta kutoka Sudani jike mmoja, Fula, na leo karibu kila Basenji wa Ulaya na Marekani ana damu ya Fula.

Uzao mkubwa namna ile ukatoka kwa mbwa wachache hivyo! Matokeo yake yalionekana. Ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi ukaenea kati yao: mbwa anakunywa maji bila kushiba, anakojoa sukari, anakonda. Ndiyo sababu Wamarekani walirudi Zaire mwaka 1987 na 1988 kutafuta mbwa wengine vijijini, na mwaka 1990 chama chao kikubwa cha mbwa kikafungua daftari la ukoo kuwaingiza. Kipimo cha vinasaba cha kumjua moja kwa moja mwenye kubeba ugonjwa huo kilipatikana mwaka 2011. Wenye karatasi na madaktari walirudi kwa watu wasio na karatasi kuomba mbwa wa pili.

Je, sisi wenyewe tumebaki na wangapi? Hapa hatutaki kucheka. Vita vya 1996 na 1997, kisha vile vilivyoanza 1998, vilituingiza porini. Huko tuliijua faida ya mbwa asiyebweka. Usiku watu wenye bunduki wakipita njiani, tumelala kwenye majani pamoja na watoto, mama yeyote alikuwa na khofu ya mtoto kulia. Hakuna aliyekuwa na khofu ya mbwa wa mjomba. Alikuwa ananyanyua kichwa, masikio yanasimama, basi. Mara nyingi tuliamka kwa kuona yeye ameamka. Lakini wengi walikufa miaka ile, kwa njaa au risasi, na wengine tuliwaacha nyuma bila kujua. Amani kidogo iliporudi, watu walinunua mbwa wa aina yoyote kutoka mjini, wakubwa wanaobweka, na damu zikachanganyika. Tutaona alikuwa wa ukoo wa mbwa aliyelala nasi porini. Wacha Waseme pia. Walikuwa hawajazaa. Jike wa namna hii hutaka dume mara moja tu kwa mwaka, tofauti na mbwa wengine wanaotaka mara mbili, na msimu huo ulikuwa haujafika nyoka alipotangulia.

Mjomba alilileta jambo hili barazani juma la pili, na lilibadilisha mazungumzo. Alisema: “Munazania ninamutafutia Tutaona rafiki. Hapana. Rafiki anaweza kukosa. Mimi mwenyewe nimefiwa na rafiki wengi na bado ninakula. Lakini huyu akikufa peke yake, amekufa na ile yote anajua.”

Mwalimu alikaa kimya, kisha akasema kwamba kama dume ataletwa kufundishwa kuwinda, na si kukaa tu, yeye hana neno tena. Akaongeza masharti yake: asiingie mahali pa kusalia, na sahani yake iwe peke yake na ijulikane. Tulifurahi, ila hatukumwonyesha.

Ikabaki mama mkubwa na yule mtoto wa jirani. Yeye hakuwa na aya ya kumjibu. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna dawa. Shirika la Afya la Dunia linakadiria watu 59,000 hufa nacho kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Chanjo ya mtu aliyeumwa iko tangu Pasteur mwaka 1885. Kidonda kikioshwa mara moja kwa maji na sabuni, dakika 15 kamili, kisha mtu akapigwa sindano kabla ugonjwa haujaanza, anapona. Na mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa mahali, ugonjwa hukatika. Tulimsomea haya. Akauliza swali la mtu mwenye akili: “Hiyo sindano iko wapi, Wamaza ao Bulaya?”

Lilikuwa swali la haki. Mmoja wetu aliendesha baisikeli mpaka mjini; mara ya kwanza alirudi mikono mitupu, kwani dawa ilikuwa imekwisha na haijulikani ingekuja lini. Mara ya pili aliipata, ikiwa kwenye barafu ndani ya termosi, nayo ilitosha mbwa wawili. Mama mkubwa alikataa mtoto wa mbwa asikanyage uwanja wake kabla Tutaona hajachomwa mbele ya macho yake. Alichomwa. Mama akashika mkia wake mwenyewe, asikimbie.

Dume alipatikana kijiji cha pili, kwa mwindaji ambaye mjomba alimjua tangu porini. Alikuwa na miezi mitatu na zaidi, umri wa kuchanjwa. Hakuuzwa kwa franka. Alitolewa kwa kuku jike mmoja na ahadi ya mtoto mmoja wa uzao wa kwanza. Mjomba hakumleta moja kwa moja nyumbani. Alimpeleka Tutaona njiani, mahali ambapo si pa mmoja wao, wakanusana huko, kisha wakaingia uwanjani pamoja, mkubwa mbele. Walilishwa mbalimbali, mmoja nyuma ya jiko, mwingine chini ya mwembe.

Watoto walingojea waone Tutaona akifurahi. Hakufurahi. Siku tisa alimnguruma mdogo kila akikaribia ukuta wa kengele, na mara moja alimng'ata sikio mpaka damu. Mama mkubwa akasema aliyasema. Siku ya kumi mvua kubwa ilinyesha usiku, asubuhi tukakuta mdogo amelala chini ya kengele, na Tutaona amelala mbele yake upande wa upepo. Ukoko wa siku ile ulilika wote, kuku wakakosa.

Jina lilileta maneno kidogo. Watoto walitaka Simba. Mjomba alisema kijiji chote kilikwisha kusema juu ya mbwa huyu kabla hajafika, wengine kwamba mzee amerudi ushenzini, wengine kwamba mwalimu ameacha dini kwa ajili ya nyama. Basi aitwe Wamesema. Na jioni anaitwa hivyo kwa sauti, Wamesemaa!, na wenye kuhusika wanasikia.

Msimu uliofuata mjomba alichonga kengele mpya nyembamba, kwa kuwa ile ya marehemu ilikuwa nzito kwa shingo ya mdogo. Ile nzito alimfunga Tutaona. Walirudi jioni na mboloko mmoja. Mwalimu alikuwa amekaa barazani. Akamtazama mnyama, akawatazama mbwa, akamuuliza baba yake kama alitaja jina la Mungu wakati wa kuwaachia.

“Nilisema bismillahi mara mbili,” mjomba akajibu. “Mbwa si ni wawili?”